Shafti ya mashini yetu na jiwe la bibi

Mama Rais aliniomba niandike hapa habari ya mashini yetu ya kusaga, kwa sababu maneno yamekuwa mengi sokoni na kwenye bomba la maji, na mengi kati yake si ya kweli. Mimi ndiye ninayeshika sanduku la chama. Nitaeleza namna mambo yalivyokwenda, hata pale nilipokosea mimi, ili hata mama ambaye hakuwa kikaoni ajue feza yake ilipita wapi.

Mnakumbuka mwezi wa kwanza. Mvua ilikuwa inanyesha kila siku, mahindi bado mabichi shambani, na waliokuwa na kitu walikuwa wanavuka kwenda Mufulira kutafuta gunia. Ukishapata gunia kwa taabu namna ile, hutaki kuambiwa kwamba mashini imelala. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Kwanza ilianza kunguruma, sauti nzito kama ya mtu anayekoroma. Kisha kijana anayeiendesha akanionyesha pale beringi inapokaa: hungeweza kuweka mkono, palikuwa panaunguza kama jiko. Siku ya tatu akazima, akasema akiendelea itavunjika na kumrukia mtu.

Wengi hamjaona ndani ya mashini, kwa hiyo nitasema kidogo. Kuna chuma kirefu cha mviringo kinachozunguka na kubeba nyundo zinazopiga mahindi. Hicho ndicho shafti. Kila upande shafti imeshikwa na beringi, yaani pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, na gololi katikati. Pete ya nje inakaa imetulia. Pete ya ndani inatakiwa kuibana shafti kabisa, zizunguke pamoja kama kitu kimoja. Ikilegea, hata kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, inaanza kuteleza juu ya shafti na kuila. Ni kama pete ya ndoa kwenye kidole kilichokonda: inazunguka ovyo, mwishowe inatoka. Tofauti ni kwamba pete hii inazunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kila mzunguko unakula chuma.

Tulimpa kazi fundi mmoja wa hapa hapa. Simtaji, naye ni mtoto wetu. Alijaza pale palipolika kwa kuchomelea, akapunguza kwa mashini ya mkono, kisha akasugua kwa msasa muda mrefu sana, msasa mkali kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi. Alipomaliza, shafti ile iling'aa hata nikaona meno yangu ndani yake. Nilifurahi. Nilisema mbele ya wote kwamba huyu ndiye fundi, nikalipa bila kukawia. Hilo ni kosa langu na naliandika kwa mkono wangu: niliuliza bei, nikaangalia mng'ao, basi. Sikuuliza neno lingine.

Haikufika wiki tatu. Sauti ikarudi, moto ukarudi, na beringi mpya tuliyoinunua ng'ambo ikawa imelegea vile vile.

Kikao cha siku ile sitakisahau. Mwenzetu mmoja alisimama akasema kwamba feza haikwenda kwenye chuma, imekwenda kwenye tumbo, na kwamba mshika sanduku na fundi wanajuana. Hakuna aliyemjibu. Nilifika nyumbani nikaketi jikoni bila kuwasha moto, watoto wakala mkate usiku ule. Wamama, kushika sanduku la wenzako miaka minne na kuambiwa neno kama lile mbele ya binti zako ni jambo zito.

Katika sanduku ilikuwa imebaki feza kidogo ya likelemba. Baadhi walitaka tuiweke kama malipo ya kwanza ya mashini nyingine, na zinazobaki tukope. Wengine walisema shafti ipelekwe Lubumbashi kwa turneri anayejua. Tulihesabu mikono, na Lubumbashi ilishinda kwa mkono mmoja tu. Nikaifunga shafti katika kitenge kama mtoto mchanga, nikapanda gari la mizigo kupita Kasumbalesa. Njia nzima niliilalia miguuni.

Yule turneri ni mzee, nywele zote nyeupe, anafanya kazi kwenye kibanda chenye mashini moja ya kukereza ambayo nadhani ni ya zamani kuliko mimi. Alijifunza kazi ujanani kwa wazee wa reli, wale waliokuwa bado wanaiita BCK. Kampuni ile ilianzishwa mwaka 1906, na reli kutoka upande wetu wa Sakania ilifika Lubumbashi, wakati ule Élisabethville, mwaka 1910. Wengi wetu tuna babu aliyekula chumvi ya reli, kwa hiyo nilijisikia kama nimefika kwa ndugu.

Nilimpa shafti, nikamwambia, "Papa, tazama, ilikuwa inang'aa vizuri, sijui kwa nini imelika."

Akasema, "Mama, usiniambie habari ya kung'aa. Nipe kucha yako."

Alishika kidole changu akapitisha kucha juu ya sehemu iliyosuguliwa na msasa, ile iliyokuwa haijaliwa. Nilisikia inakwaruza, kidogo tu, kama unapopitisha kucha juu ya kitenge. Kisha akanipitisha juu ya kipande kingine cha chuma alichotoa mfukoni. Kucha iliteleza kama juu ya glasi. Hiki cha pili, akasema, hakijasuguliwa hata kidogo. Hakuna msasa uliokigusa.

Akanipa kioo cha kukuza nitazame chuma kilichotoka kukerezwa, kabla ya kufanyiwa kitu kingine. Wamama, ni shamba! Ni matuta na mifereji, tuta na mfereji, kuzunguka shafti nzima, kama shamba la viazi. Ncha ya chuma inayokata huacha mistari ile hata fundi awe hodari namna gani. Sasa ukivalisha pete ya beringi juu ya matuta yale, haigusi chuma chote. Inagusa vichwa vya matuta tu. Siku ya kwanza inabana, unafurahi. Mashini ikianza kutetemeka na kubeba mzigo, vichwa vile vinalala, na pete iliyokuwa imebana inakuwa imelegea. Hakuna aliyeiba kitu, ni vichwa vya matuta vimelala.

Na msasa? Msasa ni chembe ngumu zilizobandikwa kwenye karatasi au kitambaa, na kila chembe ni kisu. Unakata vichwa vya matuta, ndiyo, lakini unaacha mikwaruzo yake midogo, na unaondoa chuma. Zaidi ya hapo, ukisugua kwa mkono huwezi kusugua sawa pande zote. Mzee alipima shafti yetu kwa kipimo chake, akanionyesha namba: upande mmoja ulikuwa mwembamba kuliko mwingine. Haikuwa tena mviringo. Iling'aa kama kioo, lakini ilikuwa na umbo la yai.

Siku ya pili alianza kazi. Aliondoa ule ujazo wa kwanza, akachomelea upya polepole, akaacha ipoe yenyewe bila kuimwagia maji, kisha akaiweka kwenye mashini ya kukereza. Nilisimama pembeni. Vipande vya chuma vilikuwa vinatoka vimejikunja kama maganda ya kiazi, vingine vya buluu kwa moto. Alipokaribia kipimo alichotaka akasimamisha, akaosha chuma kwa petroli, akakikausha kwa kitambaa safi, akanikataza nisikiguse kwa kidole. Kisha akatoa ile ncha ya kukatia, na mahali pake akafunga chombo kingine: kigurudumu kidogo cha chuma kigumu sana, laini kama jino, kinachozunguka chenyewe. Akapaka mafuta. Akakisogeza mpaka kikaigandamiza shafti kwa nguvu, akawasha mashini, na kigurudumu kikaanza kutembea polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine.

Nilisubiri kuona maganda. Hakuna kilichoanguka. Niliinama kutazama chini ya mashini, nikadhani labda ni madogo sana. Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Unatafuta nini, mama? Siondoi kitu. Ninalaza."

Kazi hiyo mafundi wetu wanaiita galetaje, kwa kuwa kigurudumu kile wanakiita galeti. Chuma ni kitu cha ajabu. Ukikigandamiza kwa kitu kigumu kuliko chenyewe, kupita nguvu yake ya kuvumilia, kinatiririka kikiwa baridi. Si kama maji, lakini kinasogea. Vichwa vya matuta vinashuka na kujaza mifereji. Unabaki uwanja, hakuna kilichokatwa, na pete ya beringi sasa inakaa juu ya uso karibu wote.

Pale ndipo nilipomkumbuka bibi yangu, mzaa mama, aliyefinyanga nyungu upande wa Luapula. Tulipokuwa wadogo alitutuma mtoni kuokota mawe, akayatupa karibu yote na kubaki na moja. Nyungu ikishakuwa ngumu kama ngozi, si mbichi tena na bado haijakauka, alikaa kivulini na kuisugua kwa jiwe lile, nje na kwenye mdomo, saa nzima, akiimba. Hakuna udongo ulioanguka. Lakini nyungu iling'aa, na ikishachomwa haikutoa jasho la maji kama nyungu ya mtu mvivu. Jiwe lile lilikuwa limelika upande mmoja kwa kazi, na hakuruhusu mtu alitumie kusagia pilipili. Nilimweleza mzee. Alisimamisha mashini kabisa ili anisikilize. "Ni mkono ule ule," akasema. "Wamama walianza."

Kuna tofauti moja. Udongo haupati ugumu wake kwa jiwe, unaupata motoni. Chuma kinajigumusha chenyewe kwa kugandamizwa. Jaribuni nyumbani: chukua waya mnene, ukunje, halafu jaribu kuunyoosha. Hautanyooka pale pale ulipoukunja, utakunjika pembeni, kwa sababu pale ulipokunja pamekuwa pagumu kuliko kwingine. Wahunzi wetu wa Katanga walijua hilo zamani. Wale wa Bunkeya, kwa Msiri, katika karne ya 19, walivuta waya wa mukuba, na mukuba ukivutwa au kupigwa sana unakuwa mgumu mpaka unataka kupasuka. Dawa ni kuurudisha motoni ulainike, kisha unaendelea. Wanaopiga picha za mukuba pale Lubumbashi wanafanya hivyo hadi leo na bamba zao.

Basi kigurudumu kile kinafanya mambo mawili kwa mwendo mmoja. Kinalaza matuta, na ngozi ya juu ya chuma inakuwa ngumu kuliko ndani, ngozi nyembamba tu, lakini ndiyo inayosuguana na ulimwengu. Mzee aliniambia ndivyo walivyofanya kwenye ncha za ekseli za mabehewa, enzi zile ambazo ekseli ilikaa juu ya chuma laini na mafuta badala ya gololi. Karakana za reli katika nchi nyingi zilifanya hivyo. Ncha isiyolazwa ilichemka njiani, na behewa linalochemka linaweza kuleta msiba.

Alifanya jambo jingine ambalo nisingelijua bila kumwuliza. Pale shafti inapobadilika unene kuna kona. Akaipitisha kwa kigurudumu chembamba zaidi, mara mbili. Kona, akasema, ndipo ufa unapozaliwa. Kuchomelea kunaacha chuma kimevutika, kama ngozi iliyokaushwa juani, na ufa unapenda mahali palipovutika. Kugandamiza kunafanya kinyume, ngozi ya juu inabanwa kwa ndani, na ufa haupati nafasi ya kufungua mdomo. Hata katika viwanda vya motokari, shafti kubwa ya injini nyingi hugandamizwa kwenye kona zake namna hiyo.

Nilitaka kujua kwa nini basi kila fundi hafanyi hivyo. Alinijibu huku akinawa mikono. Kwanza lazima uwe na mashini ya kukereza, na kijana wetu wa Mokambo hana. Pili, kazi hii haisamehe kosa la kipimo. Kulaza matuta kunapunguza unene kwa sehemu moja au mbili za mia za milimita, wakati unywele wa mtu una kama sehemu saba. Kwa hiyo unapokereza lazima uache kiasi hicho hicho, ukikosea pete haibani. Tatu, ukigandamiza mno, au ukirudia rudia kwa tamaa, ngozi inachoka na kubanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Chembe moja ya takataka ikipita chini ya kigurudumu inazikwa ndani ya chuma. Bomba jembamba litabonyea. Chuma kilichokwisha kugumushwa motoni hakikubali kigurudumu cha kawaida, kinahitaji ncha ya almasi. Na shafti iliyopinda haitanyooka kwa njia hii, inabaki imepinda, ila laini.

Tulipatana bei kwa shida. Aliomba zaidi ya tulichomlipa fundi wa kwanza, nami niliomba anipunguzie kwa ajili ya reli na bibi yangu. Alipunguza kidogo, nadhani zaidi kwa ajili ya bibi. Nilimwomba aandike karatasi yenye vipimo kabla na baada. Aliandika kwa maandishi mazuri ya shule ya zamani, na karatasi hiyo imebandikwa katika daftari la chama, ukurasa wa mwisho.

Niliporudi, kijana wetu alichukua nyundo ili aingize beringi mpya. Nilipiga kelele. Mzee alikuwa amenionya kwamba kuigonga beringi ni kuharibu gololi na kukwaruza uso tulioulipia. Beringi inachemshwa kwanza katika mafuta safi ya injini, moto mdogo, bila kufika kutoa moshi, mpaka tundu lake linapanuka kidogo. Kisha unaivalisha haraka kwa glovu nene, nayo ikipoa inaibana shafti yenyewe. Hii ni kwa beringi iliyo wazi, ile isiyofunikwa kwa mpira pembeni. Sufuria ilihitajika. Wamama mliokuwepo mlitazamana, kila mtu akakumbuka sufuria zake ni chache. Nilitoa ile yangu ya zamani ya bukari. Beringi iliingia kwa mikono miwili, bila kugongwa, mpaka kwenye kona.

Leo ni wiki ya kumi. Kijana anaweka mkono juu ya nyumba ya beringi mchana, mashini ikiwa imesaga tangu asubuhi, na mkono unakaa. Ni vuguvugu tu. Kila ndoo iliyosagwa imeandikwa, na tumekwisha kurudisha katika sanduku zaidi ya nusu ya gharama ya Lubumbashi.

Kuhusu fundi wa kwanza, naomba tumwache. Alifanya alichojua kwa alichonacho. Lawama yangu kwake ni moja: alisema itadumu, wakati hakuwa na namna ya kupima. Anataka kwenda kwa mzee kujifunza miezi michache, na mimi nimesema chama kimsaidie nauli. Hilo litajadiliwa, najua kuna wasiotaka. Na mwenzetu aliyesema neno lile kikaoni bado hajaja. Mlango wangu anaujua.

Mzee alisema baada ya miezi mitatu tufungue kifuniko, tutazame kama pete imesogea. Tutafanya hivyo Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa mbili asubuhi, kabla wasagaji hawajafika. Kipande kidogo cha shafti kinaonekana pembeni ya beringi, na kila anayetaka ataruhusiwa kupitisha kucha, mikono ikiwa imenawa. Nitaleta daftari na karatasi ya vipimo. Sufuria pia itakuwepo, imetundikwa ukutani na kufungwa kitambaa chekundu. Tafadhali mtu asiyejua asije akaipikia sombe.